Kile cha Kijani Kilisema Nini?

Kila Januari programu ninayoitumia kuweka kumbukumbu za usomaji huniuliza swali lile lile: mwaka huu unakusudia kusoma vitabu vingapi? Naandika tarakimu kwenye kisanduku kitupu, na tangu siku hiyo hadi mwaka uishe hunionyesha nimefika wapi. Changamoto hii ya Goodreads ilianza mwaka 2011, na leo huwavuta mamilioni ya wasomaji duniani, kila mmoja akijiwekea shabaha yake mwenyewe. Mimi nilijiunga baadaye, simu zilipoanza kuwa za kutegemewa huku kwetu, ingawa desturi yenyewe nilikuwa nayo zamani katika daftari la mistari: mwaka juu ya ukurasa, majina ya vitabu chini yake. Nimelifikiria swali hilo la Januari kwa miaka mingi. Kuna wakati naliona kuwa swali la mtu anayenitakia mema, na kuna wakati naliona kuwa swali ambalo msomaji hapaswi kuulizwa kabisa. Naandika haya bila kujua nitaangukia upande gani.

Ninaishi Garsen, kando ya Mto Tana, karibu na mahali barabara ya kutoka Malindi inapogawanyika, moja ikashika njia ya Lamu na nyingine ikapanda kuelekea Hola na Garissa. Nauza dawa za mifugo. Wateja huniita daktari, ingawa nilichosomea ni cheti tu, nami nimezoea kuitika. Mji wetu si wa maduka ya vitabu. Mwezi wa Januari utapata vitabu vya shule vikiuzwa pamoja na sare na viatu, kisha vinatoweka, na anayetaka riwaya hana budi kuagiza Mombasa, akasubiri kifurushi chake kishushwe na basi. Huko juu ya mto, Garissa, shirika la maktaba za taifa lilianza mwaka 1996 kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia. Niliposikia habari hiyo nilitamani sana ngamia hao waufuate mto hadi kwetu deltani. Nilikuwa na kiu ya kusoma na sikuwa na mahali pa kuituliza.

Ndiyo maana siwezi kuungana na wale wanaosema kuhesabu vitabu ni utoto. Mtu aliyezungukwa na rafu zilizojaa anaweza kuidharau idadi, kwa sababu hata asipojiwekea shabaha vitabu vitamfikia. Huku miezi huweza kupita bila mtu kugusa kitabu, wala hakuna kitakachomshtua. Tarakimu niliyoiandika ndiyo iliyonifanya nimpigie simu muuzaji wa Mombasa, niwaulize walimu wanaohamishwa kama kuna vitabu wanavyoviacha, nimwombe dereva anipitishie kifurushi dukani hata akifika usiku. Miaka ya mwanzo nilijiwekea kitabu kimoja kwa wiki, yaani 52 kwa mwaka, na ingawa sikufika, jitihada yenyewe iliniweka karibu na vitabu kwa namna ambayo hamu peke yake isingeweza.

Hata hivyo programu ina mazoea yake. Huichukua shabaha na kuigawanya katika siku za mwaka, siku zote zikiwa sawa, na ukichelewa huandika kwamba uko nyuma ya ratiba kwa vitabu viwili au vitatu. Mwaka wa deltani haugawanyiki hivyo. Kiangazi kinapokaza, wafugaji Waorma na Wawardei huleta ng'ombe wao huku chini, kwenye majani na maji yanayobaki nyika inapokauka, na duka hujaa tangu alfajiri: dawa ya minyoo, dawa ya kupe, sindano za ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Miezi hiyo sisomi, au nasoma ukurasa mmoja mara tatu. Masika yakinyesha, mwezi wa Aprili, mifugo hurudi nyikani na mimi hubaki na kiti changu na kitabu changu. Kisha kuna miaka ambayo mto huvunja kingo, kama ulivyofanya mwaka 2018, na tena mwishoni mwa 2023, na tena 2024, barabara zikakatika na jamaa zangu wa bondeni wakahamia sehemu za juu na magodoro yao vichwani. Miaka ya namna hiyo nina nafasi tele ya kusoma na sina moyo wa kufungua kitabu. Ratiba haina habari ya hayo yote. Nilijitahidi kuifuata kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa, nikidhani kwamba kubaki nyuma ni upungufu wangu.

Desemba moja nilikuwa nyuma sana, nikatafuta kitabu chembamba ili nifidie. Mkono uliangukia Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990. Ina kurasa chache, hazifiki mia, nikajiambia nitaimaliza kwa jioni mbili. Yeyote aliyeisoma anajua kilichonipata. Hakina kisa kinachonyooka. Msomaji hutembezwa mahali pasipoeleweka, na kila anapodhani amepata pa kukanyaga, pale mahali panageuka. Mwaka ulikwisha nikiwa katikati. Nilipokimaliza, ilikuwa Machi, nilikiandika kwenye orodha ya mwaka mpya, kikachukua mstari mmoja sawa na riwaya ya kijasusi niliyoisoma mchana mmoja nikingoja fundi wa friji ya chanjo. Mistari miwili, mmoja juu ya mwingine, yenye urefu ule ule. Niliitazama na nikahisi kuna jambo linanidai maelezo, ila sikujua ni lipi. Aliyenisaidia kulijua hakuwa msomaji.

Kuna mzee mmoja, Muorma, mteja wangu tangu nilipofungua duka. Mimi ni Mpokomo. Nalisema mapema kwa sababu huku kwetu ni jambo lenye uzito, na litarudi. Mzee huyu hajui kusoma maandishi ya Kiswahili, lakini ana macho yasiyopitwa na kitu. Vitabu vyangu huvivika karatasi za kalenda za zamani ili vumbi na jasho visiharibu majalada, kwa hiyo juu ya meza ya duka hukaa kitu chekundu, au cha buluu, au cha manjano, bila jina. Siku moja alikuja baada ya mvua, akaagiza dawa zake, na nilipokuwa nikimfungia akauliza, "Daktari, kile chekundu kimekwisha?"

Nilihitaji muda kuelewa. Kile chekundu kilikuwa Kuli ya Adam Shafi, nilichokuwa nikikisoma alipopita mara ya mwisho, misimu miwili nyuma. "Kimekwisha, mzee," nikajibu.

"Kilisema nini?"

Nikamwambia kinahusu wapakiaji mizigo wa bandari ya Unguja wakati wa Waingereza, kwamba kazi ilikuwa ngumu na malipo duni, wakagoma. Alisubiri. Mgomo ule ulitokea kweli, mwaka 1948, na mwandishi ameujenga kwa subira kubwa, lakini nilichokuwa nacho kichwani kilitosha sentensi mbili tu.

"Walishinda?" akauliza.

Nilianza kujibu, nikasita. Sura za mwisho nilikuwa nimezisoma haraka, siku za kuhesabu, nikitaka kufungua kingine. Nilimjibu kwa maneno ya jumla, naye akatikisa kichwa kwa adabu, akachukua dawa zake. Hakunilaumu. Nadhani alidhani kitabu chenyewe hakikusema.

Nikimpimia dawa mzee yule huwa lazima nijue ana ng'ombe wangapi, kwa sababu dawa hupimwa kwa uzito wa mnyama na kwa idadi. Hanitajii. Wazee wengi ninaowahudumia hawapendi kuitaja hesabu ya mifugo mbele za watu; huona ni kuwaita hasara, au ni majivuno, na pengine ni yote mawili. "Nipe ya kunitosha," husema, nami huuliza mara ile alichukua chupa ngapi, tukaelewana hivyo. Lakini nimewahi kufika bomani kwake jioni, wanyama wakirudi. Husimama langoni wapite mbele yake, hahesabu kwa kidole wala kwa mdomo, na mmoja akikosekana atakwambia ni yupi: yule mweupe wa pembe iliyopinda, bintiye yule mwekundu aliyenunuliwa Bura, anayependa kubaki nyuma kwenye maji. Siku chache baada ya swali lake niliketi na daftari langu, nikajaribu kusimama langoni pa orodha yangu kama yeye. Vitabu vikapita. Baadhi nilivitambua kwa mwendo. Vingine nilikuwa na majina yake na tarehe, basi, na kama mtu angeviiba kwenye ule ukurasa nisingejua kilichopotea.

Nilitikisika, lakini sikuiacha idadi. Niliona ningekuwa natafuta njia rahisi ya kujiona mwenye hekima. Nilianza tu kuongeza mstari chini ya kila jina, ninachoweza kumwambia mzee akiuliza. Mara nyingi mstari huo ulibaki mtupu kwa wiki kadhaa baada ya kitabu kumalizika, na nikajifunza kuuacha mtupu bila kuujaza maneno ya kusomeka vizuri. Kuna vitabu ambavyo mstari wake ni mtupu hadi leo, na sijui kama kosa ni la kitabu au ni langu, au kama kuna kusoma ambako hakuachi neno na bado ni kusoma.

Kisha ukaja mwaka 2012.

Siwezi kuandika juu ya kusoma deltani nikaruka mwaka huo, ingawa ningependa. Mwezi Agosti, katika kijiji cha Riketa, watu waliuawa kwa wingi, wanawake na watoto wakiwemo, na kutoka hapo hadi mwanzo wa 2013 mauaji yalikwenda na kurudi kati ya Wapokomo na Waorma, kijiji kwa kijiji, mpaka waliokufa wakapita mia moja. Serikali iliweka kafyu. Watu wameeleza sababu nyingi, siasa za uchaguzi zilizokuwa mbele yetu, silaha, ardhi, na sababu ya zamani kuliko zote, njia za ng'ombe kwenda majini zinazopita kati ya mashamba, ambazo sisi huku huziita malka. Sina la kuongeza juu ya wanaojua zaidi. Najua tu kwamba wateja wangu wa upande mmoja waliacha kuja, na wa upande wa pili walikuja wakiwa na haraka, na mimi nilifunga duka jua likiwa bado juu.

Ukurasa wa daftari langu wa mwaka huo una vitabu vya miezi ya mwanzo, halafu jina moja, Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, halafu hakuna kitu. Kitabu hicho kilichapwa mwaka 1968, mwandishi akiwa ameshafariki miaka sita kabla, na kinamhusu mtu anayeacha kazi ya mshahara mjini na kwenda Busutamu kulima. Nilikisoma usiku wa kafyu, nikakimaliza, nikakianza tena, na tena. Sikuwa na hamu ya kingine. Sidhani nilikuwa nakisoma kwa maana ninayoielewa siku zote. Nilikuwa nakaa ndani yake. Bustani ya Utubora ilikuwa mahali ambapo mtu huamka, akamwagilia, akala, akalala, na nilihitaji kujua kwamba mahali pa namna hiyo paliwahi kufikiriwa kwa Kiswahili. Kwa hesabu ya mwaka, ulikuwa mwaka nilioshindwa. Nikiwa nimeketi sasa na madaftari yote mbele yangu, ndio mwaka mmoja ambao naweza kueleza kitabu changu neno kwa neno, na sipendi kujua bei iliyolipwa ili niweze.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Ann Morgan, mwandishi wa London aliyejiwekea shabaha ya kusoma kitabu kimoja kutoka kila nchi ya dunia kwa mwaka mmoja. Nilipotazama tarehe nikaona ulikuwa mwaka huo huo, 2012. Nilihisi uchungu kidogo, sikatai, kwamba mtu alikuwa akiizunguka dunia kwa vitabu siku zile zile ambazo mimi sikuweza kuvuka barabara. Uchungu huo haukudumu. Kilichobaki nami katika kisa chake ni São Tomé na Príncipe. Hakupata kitabu cha huko kwa lugha yake, kwa hiyo watu wasiomjua walijitolea wakamtafsiria mkusanyiko wa hadithi za Olinda Beja, A Casa do Pastor, yaani nyumba ya mchungaji. Kwenye orodha yake ni nchi moja tu kati ya karibu mia mbili. Nyuma ya mstari huo wamesimama watu waliokaa na sentensi za mwingine usiku na mchana, wakimfanyia mgeni. Nilipoliona hilo niliacha kudhani kwamba orodha ni ya mtu mmoja, hata ikibeba jina la mmoja.

Mzee alirudi mwaka 2013, mvua zilipokwisha. Nilimwona akivuka barabara, nikasimama, na sikujua mikono yangu niiweke wapi. Yeye alikuwa amefiwa. Mimi pia nilikuwa na waliokufa. Hapakuwa na salamu iliyotosha. Tulipeana mkono, tukaulizana afya za watu waliokuwa hai, na kukawa na kimya ambacho hakuna kati yetu aliyejua namna ya kukiondoa. Akatazama meza. Kitabu kilikuwapo, kwenye karatasi yake ya kalenda, ile ile aliyoiona kabla ya mambo yote kuanza.

"Kile cha kijani," akasema, "hakijaisha tu?"

"Kimekwisha mara nyingi, mzee."

"Kilisema nini?"

Nikamsimulia, na safari hii nilikuwa na la kusema. Nikamweleza kazi ya mjini, jinsi Utubora alivyoikataa, jinsi watu walivyomshangaa, shamba, nyumba, jirani zake. Aliketi kwenye gunia la chumvi ya ng'ombe akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: pale alipokwenda kulima, ng'ombe wa watu walipita wapi kwenda majini? Malka zilikuwapo?

Nilimwambia sikumbuki. Usiku ule nilikipitia kitabu kizima nikitafuta ng'ombe aliye na kiu. Nilikisoma mara nyingi sana, na hilo halikuwahi kunijia, kwa sababu mimi ni mtoto wa mkulima na kila nilipoliona shamba la Utubora niliona mazao. Simlaumu Shaaban Robert. Alikuwa akiandika juu ya mahali pengine na juu ya jambo jingine. Lakini tangu siku hiyo siwezi kulitazama shamba lolote kitabuni bila kuuliza njia iko wapi. Alipokuja tena nilimwambia kwamba nimetafuta, na malka hazikutajwa. "Basi hakijaisha," akasema. Mpaka leo sijui alimaanisha kitabu.

Changamoto nyingine za mwaka hazihesabu tu, hugawa mafungu: kitabu kilichotafsiriwa, kitabu cha mwandishi wa kike, kitabu kinachotokea karibu na unapoishi. Fungu hili la mwisho lilinipeleka kwa Liyongo. Utendi wa Fumo Liyongo tulionao uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, na watu wa Ozi na Kipini, mto unapoingia baharini, watakuonyesha mahali wanapoamini alizikwa shujaa huyo. Nilifurahi kupata fungu langu bila kuagiza kitu Mombasa. Nilipomtajia mteja mmoja, mkulima wa huko chini, hakufurahi pamoja nami. Wapokomo nao wana kumbukumbu zao juu ya Liyongo, na si zote za kumsifu. Kuna zinazomkumbuka kuwa mtawala aliyewatoza na kuwaonea. Nilikuwa nimeusoma utendi mzima nikiwa upande wa shujaa, mimi niliyezaliwa kwa waliotozwa. Niliweka alama kwenye fungu lile. Sikuwa na uhakika kama nimelijaza au ndio kwanza nimelifungua.

Nakala zangu nazo zina maisha ambayo orodha haiyaoni. Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022, ilifika kwangu na siku chache baadaye ikachukuliwa na muuguzi wa zahanati, kutoka kwake ikaenda kwa mwalimu wa Tarasaa, na ilipotajwa tena ilikuwa Kipini. Nilikuwa nimefika nusu yake. Kwa miezi mingi programu ilionyesha kwamba ninaisoma, na kwa kweli ilikuwa ikisomwa.

Ukame uliokuja kati ya 2020 na 2023, mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo, ulinirudisha kwenye idadi kwa namna nisiyoitarajia. Siku nzima nilikuwa nauza dawa ambazo hazingesaidia, kwa kuwa mnyama aliyekosa majani haponi kwa sindano, na nilikuwa nawaambia wenyewe hivyo, wakinunua hata hivyo. Mzee alikuja bila kitu cha kuswaga. Nilimuuliza kwa mazoea yetu mara ile alichukua chupa ngapi. Akanikatiza. "Wamebaki kumi na mmoja," akasema, waziwazi, wateja wengine wakisikia.

Nililala na neno hilo. Miaka yote ile nilidhani nimeielewa desturi yake: kwamba anayewajua wanyama wake hahitaji tarakimu, na mimi niliyehitaji tarakimu sikuvijua vitabu vyangu. Somo hilo lilikuwa limenifaa na nilikuwa nimeshalizoea. Sasa aliitaja hesabu, na hakuwa amepungukiwa na kuwajua. Aliitaja kwa sababu walikuwa wachache. Pengine kuna wingi ambao mtu huuficha na uchache ambao mtu hana budi kuutangaza ili asaidiwe. Nikajiuliza mimi nilianza kuhesabu nikiwa upande gani, na nikakumbuka yule kijana aliyetamani ngamia wa Garissa. Yeye hakuhesabu kwa majivuno. Alikuwa akisema vimebaki hivi. Lakini mtu ninayeandika tarakimu leo, nikiwa na mamia ya vitabu ndani ya simu, bado ni yule? Kuna Januari ninazoandika nikiwa na njaa na Januari ninazoandika ili nionekane, na kisanduku ni kile kile, na mara nyingine sijui ni ipi mpaka mwaka ufike nusu.

Mifugo yake imeongezeka tena kidogo. Najua hivyo kwa sababu ameacha kunitajia. Miguu haimruhusu sana siku hizi, kwa hiyo huja mjukuu wake, mwanafunzi wa sekondari, akiwa na orodha ya dawa kwenye simu na salamu kutoka kwa babu. Husimama mezani akipindua vitabu vyangu, akifunua karatasi za kalenda kuona jina. Juzi aliniuliza namna ya kujiunga na changamoto ya mwaka, maana amesikia wenzake wakiizungumza, na aandike vingapi. Ni swali langu la Januari, likitoka kinywani mwa mtu anayetaka jibu kabla ya basi kuondoka. Nilianza kumwambia ishirini. Nikafikiria kumwambia kimoja. Nikaona yote mawili yangekuwa ya kwangu, si ya kwake: shuleni ana vitabu vya mtihani tu, nyumbani hana hata kimoja, na pengine tarakimu kubwa ndiyo itakayomfanya amsumbue mwalimu, amsumbue dereva wa basi, anisumbue mimi.

Nilimpa Siku Njema ya Ken Walibora, ile nakala ya karatasi ya manjano, kijana anayetoka Tanga kumtafuta baba yake Kenya. Nikamwambia idadi tutaizungumza akikirudisha. Akakitia mkobani pamoja na dawa ya minyoo, akaniuliza akae nacho muda gani. Nikamwambia hadi babu atakapoacha kumuuliza maswali.